Babu Mkubwa Hakulowea

Habari za kaka yake babu yangu, ambaye sisi wajukuu tulifundishwa kumwita babu mkubwa ingawa hatukumwona, zilikuwa fupi sana nyumbani kwetu: alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akalowea. Basi. Hakutuma salamu, hakutuma hela ya kodi, hakuja kumzika baba yake. Bibi alipotaka kumkanya kijana mwenye dalili za kusahau kwao, alimtaja yeye. Mama yake mzazi, nasikia, alikufa akiwa bado amemkasirikia. Na katika ukoo wetu, ambao hurithisha watoto majina ya wazee kizazi baada ya kizazi, jina lake halikupewa mtoto hata mmoja.

Nimemkuta katika barua za hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Aliingizwa humo mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na humo humo akafa mwaka 1942. Barua ya kuulizia jamaa zake iliandikwa, ikapigwa mhuri, ikatumwa, ikafika mahali ambapo jamaa zake hawakuwapo tena. Kwa zaidi ya miaka sabini tulimshitaki marehemu kwa kosa asilolitenda.

Naandika haya kwa sababu naamini ziko familia nyingi, toka Pwani hadi Ziwa, zenye mtu wa namna hii: mtu aliyepotea mjini wakati wa ukoloni, ambaye kutoweka kwake kulielezwa kwa neno moja la lawama, na neno hilo likatosha.

Mathari tunaijua wote, au tunadhani tunaijua. Jina lake limekuwa tusi la mitaani Nairobi. Mtu akikosana na mwenzake humuuliza ametoroka Mathari lini. Hospitali yenyewe ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 ikapewa jina hili la sasa. Wazungu walikuwa na wodi zao, Wahindi zao, Waafrika zao, na hata mtu aliyepoteza akili hakuruhusiwa kupoteza rangi yake. Sheria iliyotumika mwanzo kuwafungia watu ndani ililetwa kutoka India, sheria ya mwaka 1858. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mtu anakamatwa na polisi au analetwa na chifu, anafikishwa mbele ya hakimu, daktari anaandika cheti, kisha hakimu anatoa amri apelekwe. Utaratibu huo una faida moja kwa sisi tunaotafuta: kila hatua iliacha karatasi. Mtu mmoja aliweza kuandikwa na polisi, na mahakama, na hospitali, na ofisi ya wilaya aliyotoka. Daftari moja likipotea, huenda jingine limebaki.

Lakini huwezi kumtafuta mtu katika ofisi ya wilaya aliyotoka kama hujui serikali ilidhani ametoka wapi. Hapo ndipo kisa cha Kasighau kinapoingia, na sina budi kukisimulia, maana bila hicho babu mkubwa hapatikani.

Sisi ni watu wa Kasighau, mlima ulio peke yake katika nyika ya Taita, kusini ya Voi. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza, majeshi ya Wajerumani kutoka ng'ambo ya mpaka yalishambulia kituo cha Waingereza pale mlimani na kukiteka. Waingereza waliporudi waliwalaumu wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha Wajerumani njia. Vijiji vikachomwa. Watu wakakusanywa, wazee kwa watoto, wakahamishiwa Malindi, nchi ya joto na mbu, wao waliozoea hewa ya mlimani. Malaria iliwaua wengi. Walioponea hawakurudi mlimani hadi miaka ya 1930. Babu mkubwa alitolewa Kasighau akiwa mtoto wa miaka saba au minane hivi. Babu yangu, mdogo wake, alizaliwa huko huko uhamishoni.

Kwa hiyo babu mkubwa alipofikia umri wa kubeba kipande, alikipata Malindi. Wasomaji vijana huenda hawajui kipande kilikuwa nini. Baada ya vita ile serikali ya Kenya ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka kumi na sita na zaidi kusajiliwa, kuchukuliwa alama za vidole, na kubeba karatasi yenye jina lake, la baba yake, la chifu wake, kabila na wilaya, pamoja na majina ya waajiri wake na mshahara aliolipwa. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukitoka kwenu bila kipande, ulifungwa. Wazee wetu walikichukia, na walikuwa na haki ya kukichukia. Kilifutwa kama sharti la Waafrika peke yao mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini chombo kilichotengenezwa ili serikali imwone Mwafrika popote alipo ndicho leo kinachoweza kumwonyesha kwa wajukuu zake.

Nilianza kumtafuta baada ya kustaafu ualimu. Nyaraka za Taifa za Kenya zimo katika jengo la zamani la benki, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Chini kuna maonyesho ya vitu vya sanaa vya Joseph Murumbi, na watu wengi huishia hapo. Juu ndiko kulikokaa faili. Nilipitia za Taita, jalada baada ya jalada: kodi, mashamba ya mkonge, magomvi ya ardhi, nzige. Babu mkubwa hakuwamo, wala hapakuwa na mtu anayefanana naye.

Aliyenifungulia mlango ni shangazi yangu, aliyekuwa amevuka miaka themanini, mama wa kijiji cha Rukanga asiyejua kusoma. Nilimweleza kwamba nimetafuta katika vitabu vyote vya Taita. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Mwanangu, wakati ule sisi hatukuwa watu wa Taita. Tulikuwa watu wa Malindi.” Kisha akanituma uvunguni nikatoe kikasha cha babu. Humo, chini ya stakabadhi za kodi, mlikuwa na kipande cha babu mwenyewe. Mhuri wake ulikuwa wa Malindi.

Baada ya hapo kazi ikaenda upesi. Katika barua za ofisi ya Malindi kuna karatasi nyembamba, nakala za kaboni, zinazohusu wagonjwa wa akili: nani apelekwe, nani anaweza kurudishwa, nani amekufa na jamaa zake wajulishwe. Mmoja wa wanaume hao ameandikwa kuwa Mgiriama. Jina lake halifanani na jina lolote la Kigiriama. Ni jina la Kitaita lililoandikwa na karani asiyelijua: sauti ya gh imekuwa g, silabi ya mwanzo imekatwa, mwishoni pameongezwa herufi isiyo na kazi. Lakini jina la baba liko sawasawa, na ni la baba yake babu. Meno ya mbele yamechongwa, kama walivyochonga Wataita wa zamani. Ana mdogo wake mmoja wa kiume, na jina la huyo mdogo ni la babu yangu.

Barua ya kwanza ilitoka hospitali. Inaeleza kwamba mgonjwa alikuwa kibarua wa reli Nairobi. Polisi walimkuta kando ya njia ya reli, hataki kula, hasemi. Baada ya wiki kadhaa wodini alianza kusema, akarudia jambo moja: nyumba yao inaungua, askari wamekuja, anataka kwenda kumtoa mama yake. Aliyeandika anayataja maneno hayo kama dalili za ugonjwa. Mwisho wa barua anauliza kama mtu huyu anajulikana Malindi, kama kuna wazimu katika ukoo wake, na kama wako jamaa wanaoweza kumpokea.

Majibu ya Malindi ni mafupi. Mtu huyo hajulikani kwa chifu yeyote wa huko.

Na kweli hakujulikana. Watu wake walikuwa wamekwisha kurudishwa mlimani. Mama aliyekuwa akililiwa wodini alikuwa hai, yuko Kasighau, anajenga upya, na anamkasirikia mwanawe kwa kutoleta habari. Ofisi moja ya serikali iliwahamisha watu, ofisi nyingine ya serikali hiyo hiyo ikamuuliza mtu kwao ni wapi, na hakuna aliyefikiri kulinganisha karatasi mbili. Barua ya pili, ya mwaka 1942, inasema amekufa. Nayo ilikwenda Malindi.

Barua ile ya kwanza niliisoma nikainamisha kichwa mezani. Moto ulikuwepo. Askari walikuwepo. Mtoto wa miaka minane aliyaona hayo kwa macho yake, na kila mzee wa Kasighau angeweza kumthibitishia daktari kwamba mgonjwa wake anasema kweli. Simaanishi kwamba babu mkubwa hakuwa mgonjwa. Mtu anayeona mwaka 1939 moto wa mwaka 1915 ni mgonjwa, na kuna uwezekano mkubwa kwamba hata sisi wenyewe, kama tungeletewa, tusingejua la kumfanyia. Ninachosema ni kwamba ugonjwa wake ulikuwa na historia, na historia hiyo ilikuwa imeandikwa na serikali yenyewe katika majalada mengine, ila haikuingia katika jalada lake.

Haikuingia kwa sababu waliosimamia Mathari wakati ule walikuwa wanatafuta jambo jingine. Kuanzia mwaka 1938 hospitali iliwekwa chini ya Dokta J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa kawaida wa serikali na hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1947 alichapisha utafiti kuhusu Waafrika 558 walioingizwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Babu mkubwa aliingia katika miaka hiyo hiyo. Katika maandishi yake Carothers alidai kwamba huzuni nzito, ile ya mtu kujikunyata na kukataa chakula, ni nadra sana kwa Mwafrika, eti kwa kuwa hana mzigo wa wajibu kama Mzungu. Baadaye alifika mahali pa kulinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi uligeuka kuwa tatizo la nafsi zao. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa akili huko Algeria, alimjibu mwaka 1961, na jibu lake lingali linasomwa.

Jambo moja Carothers aliliona vizuri. Aligundua kwamba Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mbali na kwao waliletwa Mathari kwa wingi zaidi kuliko waliobaki vijijini. Alikuwa amelishika jambo zito mkononi. Kijijini mtu akirukwa na akili kuna ndugu wa kumfuata njiani, kumfunga kama hapana budi, kumpeleka kwa mganga, kumlisha. Kwenye kambi ya vibarua yupo mnyapara na yupo polisi. Kwa hiyo daftari la Mathari, ukilisoma kwa uangalifu, ni orodha ya watu ambao siku akili zao zilipochoka hawakuwa na jamaa karibu. Mimi nalisoma hivyo. Linaonyesha umbali kati ya mtu na kwao kuliko linavyoonyesha akili yake.

Wako pia waliopelekwa kwa sababu walikuwa kero kwa serikali. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliyekataa amri za wakoloni huko Bungoma, aliwekwa Mathari mwaka 1945 na kutolewa mwaka 1947. Msomaji anayemkuta mzee wake humo atavutika kuamini kwamba naye alikuwa shujaa aliyefungwa kwa siasa. Namsihi asiwe na haraka. Nimewasikia wenzangu wakibadilisha aibu moja kwa fahari isiyo na ushahidi, na yote mawili yanamwacha marehemu bila kusikilizwa. Babu mkubwa hakuwa Masinde. Alikuwa kibarua aliyeugua, na hilo linatosha kabisa kumpa heshima yake.

Kwa upande wa wanawake kazi ni ngumu zaidi. Mwanamke hakubeba kipande, hakuwa na namba, na mara nyingi huonekana katika barua kama mke wa fulani au binti wa fulani wa chifu fulani. Ukimtafuta kwa jina lake utarudi mikono mitupu. Mtafute kwa jina la mwanamume aliyekuwa na daraka juu yake machoni pa serikali, na tarajia kwamba hata hilo limekosewa. Nimekutana na wanawake kadhaa katika barua hizo za Pwani ambao majina yao wenyewe hayamo kabisa. Kwao mpaka leo roho yangu haijatulia.

Kwa kulinganisha, Uingereza, walikotoka watawala wetu wa kikoloni, sheria ya mwaka 1845 iliagiza nyumba za wagonjwa wa akili zitunze vitabu vya habari za kila mgonjwa, na rejista za kuingia tangu mwaka 1846 zimehifadhiwa Kew, London. Mwingereza wa leo anaweza kukaa kwake, akaangalia katika intaneti, akamwona bibi ya bibi yake alivyoingizwa na siku aliyotoka. Sisi faili zetu nyingine zilichomwa au kubebwa kabla bendera haijashushwa. Rundo la zilizobebwa kutoka Kenya lilikuja kukiriwa hadharani mwaka 2011, baada ya wazee wa Mau Mau kwenda mahakamani. Zilizobaki hapa ziko katika hali tofauti tofauti. Nimeshika karatasi zilizotobolewa na mchwa, na nyingine ambazo ukizifunua zinavunjika kama chapati iliyokauka.

Hapo nina ombi kwa Wizara ya Afya na kwa Nyaraka za Taifa, Kenya na hata kwa jirani zetu Tanzania na Uganda. Vitabu vya zamani vya kuingiza wagonjwa, popote vilipo, kwenye stoo za hospitali au vyumba vya chini vya ofisi za kaunti, vipigwe picha sasa. Visiwekwe wazi ovyo. Mgonjwa ni mgonjwa hata akifa, na siri zake haziwi za sokoni kwa kuwa miaka imepita. Mimi mwenyewe sikuandika jina la babu mkubwa hapa. Ukoo ulikaa, tukakubaliana jina litajwe nyumbani na kanisani, lisitajwe gazetini. Ila mtu anayethibitisha kwamba marehemu ni wake aonyeshwe ukurasa wake.

Nyumbani nilikwenda na nakala za barua zile mbili. Shangazi aliomba nimsomee kwa Kiswahili, polepole, na nilipofika kwenye maneno ya moto na mama yake akanisimamisha. Hakulia. Alisema, “Kumbe alikuwa anatuita.” Wazee wa Taita zamani waliyahifadhi mafuvu ya wazazi wao katika mapango ya ukoo, kila mmoja mahali pake, na ingawa desturi hiyo iliachwa Ukristo ulipoingia, bado kwetu mtu asiyejulikana alipolala ni deni. Kaburi lake hatukulipata. Tulifanya ibada, padri akalisoma jina lake, na binamu yangu mmoja, mtu mkali asiyependa maneno, alisimama akaomba msamaha kwa niaba ya wote waliomsema vibaya.

Tangu hapo watu hunijia na habari za waliowapotea, na nimejifunza kuuliza kwanza maswali matatu: huyo mtu alikuwa akifanya kazi kwa nani, chifu wao alikuwa nani, na watu wenu walikuwa wakiishi wapi mwaka ule. Swali la tatu ndilo linalowashangaza, na ndilo linalozaa majibu. Nchi hii ilihamisha watu wengi sana: kwa vita, kwa mashamba ya walowezi, kwa mbuga za wanyama, kwa kambi za miaka ya hamsini. Mtu huandikwa mahali aliposimama siku ile, na watoto wake humtafuta mahali wanaposimama wao.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee aliyebaki, nenda kamuulize mlikuwa watu wa wapi kabla hamjawa watu wa hapo mlipo. Kama kuna kikasha chenye kipande, fungua, nakili namba, wilaya, jina la chifu na majina ya waajiri, weka nakala zaidi ya moja katika mikono tofauti. Na kama katika ukoo wenu kuna mtu anayesemwa kwamba alilowea, acheni kumsema mpaka mmemtafuta.